Mjomba, plazima haiwashwi kwa kiberiti: jibu langu kwa kijiwe cha Barabara ya 12

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo zangu wa Usagara na Makorora, hamjambo? Kuna mjomba wa kijiwe cha kahawa Barabara ya 12 kaniachia ujumbe wa sauti: "Hiyo tokamaki mnayoisifia huko Ujerumani, moto wake huwashwa na nini?" Kwa wasioijua, tokamaki ni mtambo unaotumia sumaku kushikilia plazima, yaani gesi ya moto mno ambayo elektroni zake zimeng'oka kwenye atomu, ili viini vya atomu viungane na kutoa nishati. Mjomba, swali lako ni zito, ndiyo maana leo nipo Garching, karibu na München, kwenye taasisi yenye tokamaki iitwayo ASDEX Upgrade.

Chombo chake ni pete, kimefyonzwa hewa kikatiwa hidrojeni kidogo mno. Njia ya kawaida ya kuwasha ni koili ya katikati, yaani waya uliozungushwa mara nyingi: umeme wake ukibadilika, gesi inapata volti, maana mtambo huu ni transfoma hasa. Elektroni chache zinakimbia, zinagonga atomu, zinang'oa nyingine. Kufumba na kufumbua, gesi imekuwa plazima.

Kazi ipo ITER, tokamaki kubwa ya kimataifa inayojengwa Ufaransa. Sumaku zake hupoozwa mpaka umeme upite bila ukinzani, na haziruhusu mabadiliko ya ghafla. Msukumo unaopatikana ni kama volti 0.3 tu kwa mita. Oksijeni kidogo ikibaki ndani, joto lote linapotea kwa mwanga na plazima inazimika ikiwa changa.

Ndipo yanapoitwa mawimbi ya maikrowevu yaje kuzipa elektroni nguvu. Elektroni ikiwa ndani ya sumaku huzunguka, na kila tesla 1, kipimo cha nguvu ya sumaku, huipa mizunguko bilioni 28 kwa sekunde, yaani gigahezi 28. Mnazijua bembea za Idi: ukimsukuma mtoto kwa wakati wake anapaa, ukiuvuruga unamzuia. Wimbi nalo lazima lifuate mzunguko wa elektroni, au mara kamili ya mzunguko huo. Hapa, kwa tesla 2.5, mzunguko ni gigahezi 70. Wao hurusha 140, mara mbili yake, na elektroni inaipokea.

Kilichonishika zaidi ni dirisha la mawimbi hayo. Ni kisahani cha almasi! Si ya Mwadui, hii imeoteshwa maabara. Wimbi linapita karibu lote, na joto kidogo linalobaki almasi inalikimbiza ukingoni, kwenye maji ya kupoozea. Kioo cha kawaida kingepasuka.

Wadogo zangu, someni sumaku na mawimbi kwa moyo, haya yote yamo humo. Japani, kwenye tokamaki ya QUEST, wanajaribu kuanzisha hata mkondo wa umeme ndani ya plazima kwa maikrowevu, bila kuitegemea koili ya katikati. Hiyo ndiyo video ijayo. Mjomba, ukiwa na swali jingine, nitumie tena sauti.