Presha, kiharusi na dawa zinazokatishwa njiani

ATUPELE: Karibuni tena. Tuko Soweto, Mbeya, na mvua inapiga bati kwelikweli, mtuvumilie. Mimi Atupele, na kaka Lusajo yupo.

LUSAJO: Nipo, dada. Leo ni kiharusi. Meseji zenu zinauliza jambo lile lile: mbona watu wanapooza hovyo, wengine hata hamsini hawajafika?

ATUPELE: Duniani inakadiriwa mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka zaidi ya 25 atapata kiharusi maishani. Hapa Tanzania kuna utafiti wa 2003 hadi 2006. Wilaya ya Hai, vijijini kule Kilimanjaro, ilionekana na wagonjwa wapya kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam, 316.

LUSAJO: Kumbe sisi wa kijijini tumepona!

ATUPELE: Tumepona wapi! Hiyo 109 inakaribiana na ya nchi tajiri, ambako mtu akianguka ambulansi inafika upesi. Huku mgonjwa anabebwa kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili.

LUSAJO: Na sababu? Maana kwetu mtu akipinda mdomo, la kwanza ni kwamba karogwa.

ATUPELE: Presha ndiyo baba lao. Na presha haina kelele. Mama yangu mkubwa kule Rungwe alikuwa anafunga vidonge vyake kwenye pindo la kanga. Kichwa kikimgonga, anafungua fundo, anameza kimoja. Kikitulia, anafunga. Ukimuuliza anakwambia, "Mwanangu, leo mbona mzima?"

LUSAJO: Anabana matumizi.

ATUPELE: Ndiyo. Ana miaka zaidi ya 60, na sera inasema mzee asiyejiweza atibiwe bure. Akifika dirishani anaambiwa dawa hamna, kanunue. Atauza nini? Ndizi? Kwa hiyo mimi sipendi tunapomlaumu mgonjwa kwamba ni mkaidi.

LUSAJO: Lakini mbona dawa za VVU watu wanameza kila siku, na kijiji ni kile kile?

ATUPELE: Hapo ndipo nilitaka tufike! ARV ni bure, mtu ana kadi, ana tarehe yake ya CTC, ile kliniki ya wenye VVU, asipotokea anatafutwa. Mwenye presha nani anamtafuta?

LUSAJO: Hakuna.

ATUPELE: Na huku kwetu mambo hayo mawili yanakutana. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Na watafiti wale wale wa Hai na Dar walipowalinganisha waliopata kiharusi na wasiopata, VVU ilitokea kati ya vihatarishi, pamoja na presha na sigara. Sasa mtu anakuja CTC miaka kumi, kwa nini mkono wake usifungwe kile kipimo cha presha kila anapokuja? Na jirani yake asiye na VVU naye apimwe hapo hapo.

LUSAJO: Manesi watakulaani. Foleni yenyewe unaijua.

ATUPELE: Wanilaani. Kupima presha ni dakika chache. Kumgeuza mtu aliyepooza kitandani ni miaka, na anayemgeuza ni binti aliyeachishwa shule.

LUSAJO: Mmh. Na vingine, kwa haraka? Chumvi?

ATUPELE: Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hapo umeshahesabu ya kwenye dagaa. Pombe za kienyeji, ulanzi na kimpumu, za kupitiliza. Sukari. Moshi wa kuni nao umo, na baridi hii ya Makete watu wanapika mlango umefungwa.

LUSAJO: Haya, mtu ameanguka. Mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayaeleweki. Wengi tunakimbilia chai ya sukari.

ATUPELE: Usimpe kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, kumbuka saa ilipoanza, daktari ataiuliza.

LUSAJO: Hata aspirini?

ATUPELE: Hata hiyo. Kama mshipa wa damu kichwani umepasuka, unamzidishia kuvuja damu. Kujua umeziba au umepasuka ni mpaka mashine ya CT, ile inayopiga picha ya ndani ya kichwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya wanayo.

LUSAJO: Na aliye ndani ndani huko Busokelo, saa nane usiku?

ATUPELE: Atafutiwe gari kwanza. Maombi mtayafanya njiani.