Tumbo, Unene na Unga wa Triphala

Wazee wetu, mama zetu na vijana, karibuni.

Anayekwenda soko la Marikiti, Mombasa, kutafuta dawa ya tumbo harudi mikono mitupu. Atapata sanamaki, mvuje na tangawizi kavu, na kwenye maduka ya Wahindi triphala, unga wa matunda matatu makavu. Akifika nyumbani anakoroga vijiko viwili "kusafisha tumbo" apungue mwili. Ameanzia mwisho. Kwa Ayurveda, tiba ya jadi ya Uhindi, unga ni hatua ya baadaye. Kinachotangulia ni saa ya kula na kiasi.

Nguvu ya kusaga chakula huitwa agni, yaani moto. Ukiyumba, leo una njaa kesho huna, gesi tele na choo kigumu. Ukiwa mkali, ni kiungulia. Ukififia, chakula kinakaa, ulimi unaamka na utando mweupe, uzito unapanda. Mabaki yasiyosagika huitwa ama. Msiende kuitafuta ama maabara, hamtaiona. Ni lugha ya kupangia dalili.

Kosa kubwa kwetu lina jina lake: adhyashana, kula juu ya chakula ambacho hakijasagika. Hesabuni siku ya Mombasa. Saa moja asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, saa nne chai ya maziwa na viazi karai, saa saba wali, saa kumi na moja bhajia, saa tatu usiku biriani. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo kila mlo unaukuta mwenzake bado yumo. Ni kama kumimina mchele mbichi kwenye wali unaokaribia kukauka: hauivi ule wala huu.

Basi wiki mbili za kwanza msinunue kitu. Acheni saa nne au tano baina ya milo. Mlo mkubwa uwe mchana, wa jioni uwe mwepesi na uishe masaa matatu kabla ya kulala. Tumbo lijazwe nusu chakula, robo maji, robo ibaki tupu. Waislamu mliopo mna thuluthi zenu tatu, ya chakula, ya maji na ya pumzi; hesabu zinakaribiana.

Ndipo viungo. Moto uliofifia: vipande viwili vitatu vyembamba vya tangawizi mbichi, ndimu na chembe ya chumvi, dakika 15 kabla ya kula. Mwenye kiungulia asiiguse hiyo, itamuunguza. Yeye achemshe giligilani na shamari, nusu kijiko cha chai kila kimoja kwa vikombe viwili vya maji, achuje, anywe vuguvugu. Gesi: mvuje wa ncha ya kisu, ukaangwe kidogo kwenye samli kabla ya kutiwa katika pojo. Ukitiwa mbichi, nyumba nzima itajua. (Ndiyo, ni ule ule wanaofungwa watoto kufukuza mashetani.)

Kinachodharauliwa ni takra. Chukua robo kikombe cha mtindi usio na sukari na robo tatu ya maji, upige mpaka utoe povu, uondoe siagi inayoelea. Tia jira iliyokaangwa kavu na kusagwa, na chumvi kidogo. Inywewe baada ya mlo wa mchana. Mtindi mzito wenyewe, hasa usiku, Ayurveda inauhesabu mzito kwa tumbo. Maji na kule kupiga ndiko kunakoubadilisha.

Triphala ni matunda matatu: amalaki, haritaki na bibhitaki. Nusu kijiko cha chai katika maji ya moto usiku inatosha kuanzia. Ukiharisha, punguza. Wajawazito waiache. Mizani ikishuka kilo moja asubuhi, kilichotoka ni maji na choo. Mafuta yako palepale. Sanamaki ni kali zaidi: ikitumiwa muda mrefu hupunguza potasiamu, na misuli na moyo huumia.

Kwa unene, Ayurveda husifu shayiri, pojo, karela na kutembea. Asali pia, lakini kijiko kikubwa kimoja kina kalori 60 hivi, basi msiimimine. Guguli, utomvu wa mti, husifiwa kwa kolesteroli, ila jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2003 lilikuta kolesteroli mbaya ikipanda.

Jihadharini na bhasma, dawa za madini yaliyochomwa. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda kutoka maduka ya eneo la Boston; 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Na yapo ambayo si ya tangawizi. Damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kukwama chakula kooni, kukonda bila sababu, choo kubadilika baada ya miaka 50: hospitali, leo. Unene unaokuja na uchovu na baridi isiyoisha, pimeni tezi la shingo. Anayemeza dawa ya kisukari au ya kuzuia damu kuganda ampelekee daktari pakiti yenyewe ya dawa ya Ayurveda, si jina tu, maana jina moja huuzwa likiwa na michanganyiko tofauti.