Koo la Mtoto na Mlango wa Moyo

Ndugu wazazi, walimu na wauguzi, leo tuuangalie mlango mmoja tu wa moyo, ule ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto. Huo ndio unaoumizwa zaidi na homa ya baridi yabisi.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama mililita 70 za damu kwa pigo moja, lita 5 hivi kwa dakika. Damu yote inayotoka mapafuni lazima ipite mlango huo. Ni vipande viwili vya utando mwembamba, vimefungwa kwa nyuzi ili visipinduke. Ukiwa mzima, hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6.

Ubaya huanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapata mafindofindo ya bakteria aitwaye streptokoka kundi A. Wiki mbili tatu baadaye, koo limeshapoa, goti linavimba. Likipoa, kinafuata kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Nyumbani watasema amecheza sana. Kumbe kinga ya mwili, iliyojifunza kumpiga bakteria, sasa inaupiga na moyo, kwa kuwa sehemu zake zinafanana naye. Viungo hupona, lakini mlango wa moyo unaweza kubaki na kovu, na kila homa ikirudi kovu linakua. Kingo zinagandana, nyuzi zinafupika, mlango unabaki tundu kama mdomo wa samaki. Nafasi ikishuka hadi sentimita za mraba 1.5, damu inajaa mapafuni. Mtu anahema kwa ngazi chache, usiku halali bila mito mitatu.

Wanawake wengi hugundulika wakiwa wajawazito, maana damu ya mama huongezeka karibu nusu. Mjamzito anayehema akilala chali asipewe dawa za pumu kwa kubahatisha. Apimwe moyo kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Furosemaidi hupunguza maji mapafuni, ila haiufungui mlango. Mlango uliobana lakini bado laini hupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja. Ulioharibika kabisa hurekebishwa au hubadilishwa kwa upasuaji, na upasuaji huo unafanyika hapa nchini Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Lakini mlango wa chuma unadai warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yote, na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ikae kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaganda mlangoni. Ikipanda mno, mtu anavuja damu.

Ndiyo maana, kwa aliyekwisha kuugua homa hii, nasisitiza sindano ya penisilini benzathini ili isirudi: uniti milioni 1.2 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto mdogo, kwa miaka 10 au zaidi. Wauguzi, ulizeni kwanza kuhusu mzio. Dawa hii ni nzito kama maziwa ya mgando, ikichelewa kwenye bomba inaziba sindano. Tikiseni, msikawie kuchoma, ndani kabisa ya msuli, kisha dawa iingie polepole, dakika 2 hadi 3. Kamwe isiingie kwenye mshipa, inaweza kuua. Mgonjwa ambaye moyo wake umeshachoka sana, daktari aamue kwanza. Huenda vidonge vikamfaa zaidi.

Na tusiseme "njoo mwezi ujao". Sindano ni kila siku 28, kwa sababu baada ya hapo dawa mwilini haitoshi kumzuia bakteria. Hesabuni kwenye kalenda, muandike tarehe kwenye kadi kabla mtoto hajashuka kitandani.