Kuchagua Hambaka kwa Gita la Jazi: Mhadhara kwa Wapiga Gita na Mafundi wa Dar es Salaam

Ndugu wanamuziki, na ndugu mafundi mliofunga karakana zenu mapema ili mfike hapa jioni hii, nawashukuru.

Naomba nianze na maneno yenyewe, maana katika jiji hili mtu akisema anatafuta pikapu, yaani kile kifaa cha sumaku na waya kinachonasa sauti ya nyuzi za gita la umeme, ataelekezwa kwa madalali wa magari, na akisema anapiga jazi, wazee watamuuliza kama ni Western au Morogoro. Bendi zetu nyingi zilibeba jina la Jazz, tangu Dar es Salaam Jazz Band ya miaka ya 1930, lakini zilichopiga ni dansi. Na sauti ya gita la solo katika dansi, ile kali inayokata katikati ya matarumbeta, iko mbali na tunayoitafuta leo. Ninayemkusudia ni mpigaji anayetaka sauti nene na tulivu, ambayo hata kordi ya noti tano ikipigwa kila noti inasikika mahali pake: sauti ya wapiga jazi wa Marekani, Wes Montgomery akipiga kwa dole gumba kwenye gita la Gibson L-5, au Joe Pass kwenye Gibson ES-175.

Pikapu ya koili moja, yaani ya msokoto mmoja wa waya, hunasa mtikisiko wa uzi, lakini hunasa pia mvumo wa umeme, ambao hapa kwetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na huongezeka ukikaa karibu na taa za tyubu au transfoma. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magita ya Gibson, aliomba hataza ya dawa yake, pikapu ya koili mbili tunayoiita hambaka, mwaka 1955, akaipata mwaka 1959. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu, akaziunganisha kinyume, na sumaku akaipanga hivi kwamba koili moja iwe na ncha ya kaskazini na nyingine ya kusini. Sauti ya uzi, inayotegemea sumaku, hujumlishwa. Mvumo, usioijali sumaku, hujifuta wenyewe.

Dawa hiyo ina gharama. Waya ukiwa mrefu zaidi, sauti za juu hupungua, na kwa kuwa uzi husikilizwa mahali pawili kwa wakati mmoja, baadhi ya sauti ndogondogo zinazopanda juu ya noti hufutana. Mpiga jazi anaupenda upungufu huo kwa kiasi fulani tu, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wananunua hambaka yenye nguvu nyingi, iliyotengenezwa kwa ajili ya roki, wakidhani nguvu ndiyo unene. Wanachopata ni matope. Kwa jazi tafuta hambaka dhaifu.

Udhaifu huo utaujuaje? Muuzaji atakuonyesha mita na kukusomea ukinzani wa waya wake: hambaka za miaka ya 1950 husoma takribani kiloomu 7 hadi 9, na za roki hupanda hadi 14 au zaidi. Namba hiyo ni dokezo, si hukumu. Waya mwembamba zaidi huongeza ukinzani hata idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili ikibaki ileile. Joto nalo huongeza: ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja, hivyo hambaka iliyosoma 8.0 katika karakana yenye nyuzijoto 20 itasoma karibu 8.4 hapa Dar, mchana wa nyuzijoto 32, ingawa hakuna aliyeigusa. Nimeshuhudia watu wakigombana dukani kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Litazame kwanza gita lenyewe. ES-175, iliyotoka mwaka 1949 na kuanza kufungwa hambaka mwaka 1957, ina uso wa mbao za tabaka zilizogandishwa, kwa hiyo haichelewi kunyamaza na haipigi mluzi upesi mbele ya amplifaya. Gita la namna hiyo, ambalo tayari lina giza lake, mimi hulifungia hambaka ya mizunguko michache ya waya, yenye sumaku ya alniko 5 (alniko ni aloi ya alumini, nikeli na kobalti), ili besi isilegee. L-5 ina uso wa mbao ya spurusi iliyochongwa. Huitikia haraka, na alniko 2, iliyo laini zaidi, huipunguzia ukali. Ipo pia njia ya hambaka ndogo inayoning'inizwa mwishoni mwa shingo bila kutoboa uso wa gita. Ni nzuri kwa kurekodi na kwa hoteli tulivu, lakini kwa baa yenye ngoma na besi kubwa siipendekezi, kwa kuwa uso ulioachwa huru hupiga mluzi mapema. Kwa baa hiyohiyo, hakikisha koili zimezamishwa kwenye nta, zisipige mluzi nazo.

Kuhusu jalada la chuma linalofunika hambaka, niseme moja tu: la brasi hula sauti za juu kuliko la aloi ya shaba, nikeli na zinki.

Nyuzi nazo ni sehemu ya pikapu. Zile za shaba za gita kavu haziifai hambaka, kwa kuwa sumaku huuhisi chuma cha ndani peke yake, na nyuzi nene husikika kwa unyonge. Tumia za nikeli au za chuma zenye uso bapa, na kama uzi wako wa tatu hauna kizungushio, teremsha skrubu ya hambaka iliyo chini yake, la sivyo utapiga kelele kuliko wenzake.

Na kabla hujatoa fedha, chukua bisibisi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, upime nafasi iliyopo kati yake na hambaka ya upande wa shingo. Ikiwa ni chini ya milimita 3, ishushe hambaka, ongeza sauti kwenye amplifaya, usikilize tena. Wengi walioniletea magita yao wakitaka hambaka mpya waliondoka na ileile ya zamani, imeshushwa milimita moja na nusu.