Robo Inchi na Mkono Uliotulia: Mhadhara kwa Mafundi Wanaoanza Kushona Mifarishi ya Viraka, Mwanza

Mwangaluka! Asanteni. Mama zangu mliokaa mbele, shikamooni. Dada na kaka mafundi, poleni na jua. Naona wengine mmebeba vichwa vya cherehani kwenye bodaboda hadi hapa, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye kazi.

Mimi ni fundi wa magauni. Nimeshonea Makoroboi miaka kumi na minne, na kila fundi aliyekaa pale anajua mabaki yanavyojaa. Mteja anachukua gauni lake, vipande vya kitenge vinabaki chini ya meza. Mwaka mmoja nilikuwa na viroba vitatu vya mabaki, mazuri kabisa, nikaona uchungu kuyatupa. Mdogo wangu alikuwa amejifungua. Nikasema nitamshonea mtoto mfarishi wa viraka, tandiko nene la matabaka matatu ambalo uso wake umeungwa kwa vipande.

Nilikata miraba ya inchi 3 na nusu, miraba 144, safu kumi na mbili za viraka kumi na viwili. Hesabu ilikuwa rahisi. Kila kiraka kikipoteza robo inchi kila upande, kinabaki inchi 3. Safu nzima itoke inchi 36, na ile nusu ya pembeni ya kushonea. Nilishona safu zote, nikazilaza kitandani nizipange. Ya kwanza ilikuwa inchi 35. Ya pili 36 na nusu, sawasawa. Ya tatu ilikaribia 37. Nikafanya kosa la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza: nikavuta zile fupi, nikazibana zile ndefu, nikashona hivyo hivyo. Nilipoutandaza sakafuni, ulivimba katikati kama tanga la mtumbwi upepo ukiingia. Hakuna pasi iliyoulaza.

Niliufumua wote. Siku nne. Na katika siku hizo nne nikajiuliza, fundi wa miaka yote hii, ninayeshona gauni la harusi likakaa mwilini, ninashindwaje na miraba?

Jibu nililolipata ndilo lililonileta hapa. Sisi mafundi wa nguo tumelelewa kwenye nafasi. Tunaacha nusu inchi, wengine inchi nzima, kwa sababu mteja atanenepa, au atakonda, au atataka tuongeze. Mshono ukiingia ndani kidogo, unarekebisha wakati wa kupima. Nguo ina siku ya kupima, kiraka hakina. Kiraka ulichokosea kinamkabidhi jirani kosa lake, jirani anamkabidhi anayefuata, na safu ya viraka kumi na viwili ina mishono kumi na mmoja. Ukizidisha milimita moja na nusu tu kila upande wa mshono, kila mshono umekula milimita 3. Zidisha mara kumi na moja: sentimita 3 na zaidi zimepotea, na wewe hukuona zikienda. Jicho halioni milimita moja na nusu kwenye kitenge chenye maua. Rula inaiona.

Mvuvi wa Mwaloni, pale soko la samaki, akienda kununua wavu, swali lake la kwanza ni inchi ngapi, maana tundu la wavu likiwa kubwa au dogo kuliko anavyotaka, samaki anaowafuata hawapati. Hawezi kumwambia muuzaji "nipe tu wa kawaida". Nasi tuizoee robo inchi namna hiyo.

Sasa robo inchi yako iko wapi? Wengi wetu tunaamini ni ukingo wa mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa. Kwa baadhi ya cherehani ni kweli. Kwa hizi za miguu tulizonazo wengi, mguu una upana wake, nao si lazima uwe robo inchi. Usiulize cherehani, pima. Chukua vipande vitatu vya kitambaa cha pamba, kila kimoja upana inchi 1 na nusu, urefu kama inchi 5. Viunge ubavu kwa ubavu, mishono miwili. Vipige pasi. Halafu weka rula juu ya kile cha katikati. Kinatakiwa kisome inchi 1 kamili, na vyote vitatu pamoja visome inchi 3 na nusu.

Hivi hapa nimevishona asubuhi hii kwa kufuata ukingo wa mguu. Sogeeni, mama, shika rula mwenyewe. Unaona? Katikati inakosa mistari miwili midogo ya milimita. Mkono wangu haukutetemeka, mshono umenyooka vizuri, lakini umenyooka mahali pasipo pake. Mshono ulionyooka unaweza kukudanganya kuliko uliopinda, kwa sababu unakupa moyo.

Dawa yake ni ukuta. Chukua karatasi, piga mstari kwa kalamu yenye ncha kali, robo inchi kutoka ukingoni. Iweke chini ya mguu, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka ncha ya sindano iguse mstari. Shusha mguu. Pale ukingo wa karatasi ulipo, bandika plasta ya kidonda, matabaka mawili matatu, iwe na kimo. Hiyo ndiyo njia ya kitambaa, kiteleze kikigusa ukuta huo. Ukuta uanze mbele ya sindano, maana kitambaa kinaongozwa kabla hakijafika chini ya mguu. Kikishafika kwenye sindano huna la kufanya. Shona tena vile vipande vitatu. Kikisoma pungufu kidogo bado, sogeza plasta upana wa uzi mmoja kuelekea sindano, kwa sababu unene wa uzi na lile kunjo la kitambaa kinapogeuzwa navyo vinakula nafasi. Rudia mpaka rula ikubali. Mimi nilirudia mara tano.

Baada ya hapo, pima ulichoshona, usipime ulichokata tu. Ukiunga viraka viwili, pima. Ukimaliza safu, pima. Kosa la mshono mmoja linafumuliwa kwa dakika moja.

Kuhusu kukata, nitasema machache kwa kuwa mkasi mnaujua. Kitambaa kina nyuzi za urefu, nyuzi za upana, na kuna hanamu, yaani mshazari kati yake. Kwenye gauni hanamu inatupendezesha, inalala mwilini. Kwenye kiraka hanamu inavutika ukiigusa tu. Kwa hiyo miraba yako ifuate nyuzi, hata kama ua la kitenge litakatwa vibaya. Ukihitaji pembetatu, ule upande wa mshazari umekuwa hanamu, ushike kama unavyoshika yai. Na kitenge kipya kifuliwe kwanza. Kina wanga wa kiwandani unaotoka, kingine kinaruka na kingine kinatoa rangi. Chekundu na cha bluu iliyokolea viminyie kitambaa cheupe kilicholowa, uone kama kitapakwa rangi.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu khanga. Swali zuri sana. Khanga inafaa, na ni bitana nzuri kuliko vitambaa vingi, kwa sababu ina mji mpana na pindo linalokupa fremu, na jina lake likabaki chini ya mtoto anapolala. Lakini si kila khanga ni pamba tupu. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti, mbali na kazi yako. Wa pamba unawaka kama karatasi, unanuka karatasi, unaacha majivu laini. Wa poliesta unajikunja, unayeyuka, unaacha kidonge kigumu. Ukipata vyote viwili, ni mchanganyiko. Hakuna dhambi kuutumia, ila pasi ya pamba itauharibu, na ukiuunga na kitenge cha pamba kimoja kitaruka na kingine kitabaki.

Pasi. Kwenye nguo tunasukuma pasi. Kwenye viraka inua, weka, kandamiza, inua. Ukiisukuma unavuta hanamu na robo inchi yote uliyoitafuta imepotea. Kandamiza mshono kwanza ukiwa umefungwa vile ulivyoshonwa, ndipo uulaze upande mmoja. Safu ya kwanza mishono yote ilale kulia, ya pili ilale kushoto. Unapoziunga, mishono itakutana na kushikana kama vidole vya mikono miwili. Fumba macho, tafuta kwa kidole gumba. Ukisikia kijigongo, bado. Kukiwa tambarare, choma pini hapo hapo. Wanaotumia pasi ya mkaa, wekeni kitambaa juu ya kazi, jivu moja linatosha kuharibu wiki nzima.

Wapo watakaosema mbona duniani kuna wanawake wanaoshona viraka bila rula na kazi zao zinawekwa makumbusho. Ni kweli. Gee's Bend, kijiji kwenye kona ya mto Alabama huko Marekani, wazao wa watumwa waliolima pamba wameshona viraka vya nguo za kazi kwa vizazi, mistari inayopinda kwa makusudi, na mwaka 2002 kazi zao zilioneshwa Houston na New York. Nimezitazama picha zake mara nyingi na zinanigusa. Lakini mfarishi unaopinda kwa uamuzi wa mshonaji bado unalala tambarare. Wangu haukulala.

Tuje kwenye matabaka. Juu viraka, katikati pamba, chini bitana. Hapa Usukumani pamba si ngeni. Mbegu zinazoanza na herufi UK zimechukua jina la Ukiriguru, kile kituo cha utafiti wa kilimo, hapo Misungwi tu. Lakini pamba iliyochambuliwa, ikiwekwa mbichi katikati, inajikusanya mabonge ukifua. Fundi wa magodoro anajua, ndiyo maana anachoma sindano ndefu na kufunga kila baada ya kiganja. Ukitumia pamba hiyo, mishono yako isiachane zaidi ya inchi 2 au 3. Anayeanza ninamshauri atumie blanketi jembamba lililokwisha fuliwa. Halisogei, halina mabonge.

Bitana izidi viraka inchi 3 kila upande. Itandaze sakafuni, uso chini, ibandike kwa selotepu ikiwa imenyooka bila kuvutwa. Juu yake blanketi, juu yake viraka. Kisha bandi, yaani kushikiza matabaka kwa muda. Piga bandi kwa mkono au tumia pini za nepi, kuanzia katikati kwenda nje, kila nafasi ya ngumi. Ngumi ikikaa mahali bila kugusa pini, ongeza pini. Najua bandi inachosha magoti. Mikunjo yote niliyowahi kuikuta nyuma ya kazi ilianza kwenye bandi niliyoiharakisha.

Sasa cherehani, tushone matabaka yote matatu pamoja. Badilisha sindano, weka mpya namba 14. Refusha mshono kidogo: kuunga viraka tulishona karibu mishono 12 kwa inchi, hapa 8 au 9 inatosha. Weka viti na meza kushoto na nyuma, mfarishi usining'inie. Ukining'inia, uzito wake unavuta sindano, mishono inafupika, sindano inapinda na kuvunjika. Wengi wanailaumu cherehani na tatizo ni kiti.

Vitabu vingi vinamwanzishia mwanafunzi kushona ndani ya bonde la mshono, pale viraka viwili vinapokutana. Mimi sikubaliani. Bonde lina upana wa uzi, ukitoka kidogo kila mtu anaona. Anza na mawimbi: mstari unaopinda taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, wa kwanza katikati, mingine ukielekea nje. Wimbi halina kosa linaloonekana, na mkono wako unajifunza kuongoza bila hofu.

Baadaye utataka kuchora maua na vizunguko. Hapo meno ya cherehani yasishike kitambaa. Kama yako haina kitasa cha kuyashusha, chukua kadi ngumu, toboa tundu la sindano, ibandike juu ya meno. Weka mguu wa kutilia viraka, ule wenye springi. Na sikilizeni hili vizuri: mguu haukandamizi kitambaa, lakini wenzo wake lazima ushushwe. Usiposhusha, uzi wa juu hauna mkazo, na chini utakuta kiota cha nyuzi. Vaa glavu za kazi zenye vidoti vya mpira, zinashika kitambaa. Halafu miguu yako na mikono yako isikilizane. Miguu ikienda mbio na mikono ikilala, mishono inakuwa kama vumbi. Mikono ikikimbia, inakuwa mirefu na kukatika. Kanyaga kwa mwendo mmoja, usisimame, na mikono itembee polepole kuliko unavyodhani.

Kabla ya kugusa kazi yenyewe, shona kwenye kitambaa cha marekani, tabaka tatu, ukubwa wa sahani. Geuza uone chini. Vitanzi chini, uzi wa juu umelegea, kaza kidogo. Uzi wa bobini ukijitokeza juu, umekaza mno, legeza. Nyuzi mbili zikutane ndani ya pamba, zisionekane zikishikana popote. Mimi hushona kipande kama hiki kila ninapoketi, hata leo.

Kuhusu wa mdogo wangu, nilikata upya, nikauanza tena, nikaumaliza mtoto akiwa ameanza kutambaa. Safu zote kumi na mbili zilisoma 36 na nusu.

Vipande vitatu vya kila mtu viko mezani, vimekatwa. Rula ziko saba, tutapokezana. Cherehani iliyo karibu na dirisha ina plasta tayari, nyingine zote mtaziwekea wenyewe. Mama, wewe uliyeshika rula, karibu uanze.