Hatua ya Sita Tunairuka

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni. Baba Paroko, wenyeviti wa jumuiya, makatekista, na ninyi vijana mliobanana kule nyuma karibu na mlango: nimepewa dakika ishirini, na mimi ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo mwenye saa akae karibu nami.

Nimeombwa niseme juu ya kanisa jipya katika jiji linalobadilika. Wengi wakisikia "kanisa jipya" wanawaza spika kubwa na taa za rangi. Mimi nitaanzia kwenye mkeka.

Mwaka 1966, huko North Mara, katika parokia za Wajaluo za Nyarombo, Ingri na Masonga, waamini walianza kukutana katika vikundi vidogo. Kanisa tulilolirithi lilikuwa la misheni: padre anafika kigangoni mara chache kwa mwaka, anaungamisha, anaadhimisha misa, vumbi linatimka, kaondoka. Katikati ya hapo, nani anamtazama mgonjwa? Nani anapatanisha ndugu waliogombea shamba? Desemba 1973 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikaa Nairobi, wakaamua kwamba kanisa letu lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo za majirani wanaosali pamoja. Mwaka 1976 wakalirudia jambo hilo na kulitia mkazo zaidi. Hapa Tanzania lilikuta udongo umeshalimwa, maana ni zama za Ujamaa. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge aliishi na wanakijiji wa ujamaa wa Nyabihanga, akashika jembe pamoja nao.

Kwa hiyo kijana akiniambia kwamba Waanglikana wa Uingereza, katika ripoti yao ya mwaka 2004, waligundua kuwa kanisa liwafuate watu mahali walipo, kwenye mikahawa na mitaani, nafurahi nao. Lakini nacheka kidogo pia. Bibi zetu walikuwa wameshakunja mikeka na kwenda nyumba ya pili.

Sasa tuseme ukweli wa leo. Jumamosi moja, saa kumi na mbili asubuhi, nilisali na jumuiya ninayotoka. Tulikuwa kumi na mmoja: akina mama wanane, wazee wawili na mtoto mmoja aliyekuja na usingizi wake. Injili ilisomwa mbio mbio. Kisha likatoka daftari. Mchango wa jimbo, mchango wa ujenzi, mchango wa sherehe ya somo wa parokia, bahasha za zaka ambazo hazijarudi. Nilitazama saa. Daftari lilikula dakika arobaini.

Wenye umri wangu mnazikumbuka hatua saba za kushirikishana Injili zilizotufikia kutoka taasisi ya Kikatoliki ya Lumko, Afrika Kusini. Unamkaribisha Bwana, unasoma, unarudia neno lililokugusa, mnanyamaza, mnashirikishana. Ya saba ni sala. Na ya sita? Ya sita ni kuulizana: neno hili linatutuma kazi gani hapa mtaani wiki hii? Hiyo ndiyo tunayoiruka. Daftari limekalia kiti chake.

Ndiyo maana kijana anaiona jumuiya kama ofisi ya kugonga muhuri. Anakuja siku anapotaka barua ya ndoa au ya ubatizo wa mtoto. Mimi mwenyewe nilipohamia mtaa mmoja, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa, "Kadi yako ya zaka iko wapi?" Jina langu lilikuja baadaye sana. Sisemi michango iachwe. Paa la kanisa halijiezeki. Nasema ipewe siku yake.

Na jiji nalo limebadilika. Jumuiya iligawanywa kwa nyumba kumi kumi za majirani wanaofahamiana. Leo mpangaji anahama kila baada ya miezi sita, geti lina mlinzi, na muuguzi anayetoka zamu ya usiku hawezi kusali alfajiri. Vijana wa mtaa wetu wameanza kukutana Jumapili saa mbili usiku, kwa simu. Wazee wamenung'unika: jumuiya gani hiyo isiyo na mkeka? Hata mimi nilinung'unika, mpaka waliponiingiza.

Injili ilikuwa ya Msamaria mwema. Walinyamaza dakika nzima. Nikadhani mtandao umekatika. Walipofika hatua ya sita, binti mmoja akasema kwamba kuna dereva wa bodaboda amevunjika mguu, amelala chumba cha nyuma kwenye nyumba wanayopanga, na wala si Mkristo. Wakagawana siku. Huyu Jumatatu na uji, yule Jumatano ampeleke kliniki. Kijana mmoja akauliza kama kodi ya dereva imelipwa. Hakuna aliyejua. Wakakubaliana kesho yake wamuulize mwenyewe.

Mwenyekiti wa jumuiya yao yupo hapa, amekaa safu ya tatu. Mwenyekiti, simama utueleze dereva anaendeleaje.