Dirisha la Msamaria Katika Kanisa Kuu la Chartres

Ndugu wasikilizaji, moto wa mwaka 1194 ulioliunguza kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, na vazi linaloaminika kuwa la Bikira Maria lililosalimika humo mnavijua, kwa hiyo sitavirudia. Ninalodai tena jioni hii ni kwamba madirisha ya Chartres tuyasome, tusiishie kuyasifia rangi yake ya buluu.

Litazameni dirisha la Msamaria Mwema, ubavu wa kusini. Chini kabisa, karibu na macho ya mtu aliyesimama, wapo mafundi viatu wakiwa kazini. Juu yao msafiri anatoka Yerusalemu, anavamiwa na wanyang'anyi, kuhani na Mlawi wanampita, kisha Msamaria anamfunga majeraha na kumfikisha katika nyumba ya wageni. Hapo wageni wengi hugeuka na kwenda zao, jambo linalonikera sana, kwa maana jicho likizidi kupanda linakuta Adamu akiumbwa, Hawa na tunda, kufukuzwa bustanini, na Kaini akimuua Abeli. Kwa nini Adamu afuate baada ya Msamaria? Kwa sababu mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Ukristo wa karne za mwanzo, walifundisha kwamba yule aliyeachwa njiani hali mahututi ni Adamu, yaani sisi sote, na kwamba Msamaria ni Kristo, ambaye mchoraji amemketisha kileleni. Fundisho zima limeelezwa kwa vipande vya kioo vilivyoungwa kwa madini ya risasi.

Mtaniambia kwamba fundi viatu wa karne ya 13 hakusoma teolojia. Hakulazimika kuisoma, kwani mahubiri aliyasikia kwa masikio yake. Husemwa pia kwamba mafundi viatu ndio waliolipia dirisha hilo, ndiyo maana wamechorwa humo; wengine hubisha kwamba hawakuligharimia. Hata ikiwa hivyo, mshona kiatu amechorwa katika dirisha moja na Kristo, na hakuna aliyeona kwamba amekosewa heshima Mungu.

Muda umenibana. Bikira Maria wa buluu, katika dirisha jingine, aliyechorwa yapata 1180, alinusurika na moto akapachikwa katikati ya malaika wa karne ya 13. Katika karne ya 18 makanoni wenyewe, yaani mapadri wa kanisa kuu hilo, waliondoa baadhi ya vioo vya rangi ili kwaya, sehemu ya kanisa iliyo karibu na altare, ipate mwanga, na hasara hiyo haijafidiwa. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, madirisha yalishushwa na kufichwa. Watakaosafiri wachukue darubini, kwa kuwa madirisha ya juu hayasomeki kwa macho matupu.